Mjadala: Li Hongzhang aliiuza Manchuria, au alibanwa?

Mdau wa Tanga: Mwaka 1896 Li Hongzhang, mwanadiplomasia mkongwe wa China, alikwenda Urusi kuhudhuria kutawazwa kwa mfalme Nicholas II, akatia saini mkataba wa siri. Urusi ipitishe reli yake ya Vladivostok katikati ya Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, na Japani ikivamia, Urusi itaisaidia China. Mimi nasema aliuza nchi. Mzee wa miaka 73 unamweka mezani na Witte, waziri wa fedha wa Urusi? Wazee wapumzike!

Bi Mkubwa: Mwanangu, hilo la wazee limeniuma. Mwaka mmoja kabla, kule Shimonoseki, Japani, kwenye mazungumzo ya amani baada ya China kushindwa vita na Japani, Mjapani alimpiga risasi ya uso, ikaingia chini ya jicho la kushoto. Akafungwa bandeji, mazungumzo yakaendelea. Hao vijana wa Beijing walikuwa wapi siku hiyo?

Mdau wa Tanga: Shikamoo mama. Sikukutukana wewe. Lakini ushujaa hauondoi rushwa. Aliahidiwa ruble milioni 3.

Kamusi Hai: Witte mwenyewe alikana. Halafu mnasahau deni: baada ya vita hivyo China ilitakiwa kuilipa Japani tael (kipimo cha fedha ya Kichina) milioni 200, na mkopo wa kwanza ulidhaminiwa na Urusi. Anayekudhamini ndiye anayekuja kuomba njia ipite shambani kwako.

Mdau wa Tanga: Kwa hiyo rushwa ni sawa?

Kamusi Hai: Nimesema hivyo wapi? Soma kabla ya kujibu!

Fundi Njia: Mnagombania uzee na hongo, kipengele kilichoumiza mnakiruka: upana wa reli. Ile ilijengwa kwa kipimo cha Kirusi, milimita 1,524, wakati reli ya China kutoka Tianjin ilikuwa 1,435. Mimi nimefanya kazi Kidatu, reli ya milimita 1,000 inapokutana na TAZARA ya 1,067. Tofauti haifiki hata kiganja, lakini behewa halivuki. Unashusha mzigo huku, unapandisha kule, jua linazama bado mko palepale. Sasa fikiria wanajeshi: treni ya Urusi inaingia hadi Harbin, ndani ya Manchuria, bila kubadilisha kitu, ya China inaishia njiani. Mwaka 1900 Warusi waliijaza Manchuria askari, wakisema wanalinda reli.

Bi Mkubwa: Ahsante baba. Na kipengele hicho kimo kwenye mkataba wa kampuni ya reli hiyo wa Septemba 1896, ambao Li hakuusaini. Aliusaini balozi wa China, Xu Jingcheng, mwenye miaka 51. Humo ndimo ilimoandikwa kuwa China itaweza kuinunua reli baada ya miaka 36, au kuipata bure baada ya 80. Huyo naye apumzike?

Mdau wa Tanga: Umri nimeufuta mama, naomba radhi. Ila saini ya Li ndiyo iliyofungua mlango.

Kamusi Hai: Na Xu alikatwa kichwa mwaka 1900 kwa amri ya ikulu yake mwenyewe, kwa sababu alipinga China kupigana na mataifa yote ya kigeni kwa mpigo. Mbona yeye hatumwiti msaliti?

Mdau wa Tanga: Nani kasema hatumwiti?