Kipupwe: saa ngapi kupita Limuru na Timboroa ukiwa na mzigo wa Malaba?

Mpakizi wa Changamwe:
Salaam aleikum wakuu. Kipupwe kimeshaingia na kusi linapiga kweli kweli. Wiki ya pili ya Julai tuna malori matatu ya trela, ekseli sita kila moja, kontena za futi 40 zenye tani 26 za mchele, yanapanda Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Madereva wawili wamezoea Mombasa–Nairobi tu, hawajavuka Bonde la Ufa msimu wa baridi. Utabiri wa Juni–Agosti unasema nyanda za juu baridi, mawingu na manyunyu, basi. Nataka kujua: je, lami inaganda barafu huko Timboroa? Wapite saa ngapi? Na magari yaangaliwe nini kabla ya kuvuka Mariakani?

Kusi na Kaskazi:
Aleikum salaam. Nianze na barafu: lami ya njia hiyo haigandi. Jalidi, yaani umande ulioganda, ipo, hasa Kinangop na Ol Kalou usiku usio na mawingu wala upepo, lakini inakaa kwenye majani na mashamba ya bondeni. Lami hubaki na joto la mchana. Cha kuogopa ni mvua ya mawe. Septemba 2008 kule Busara, karibu na Nyahururu, mawe yalitanda mpaka kilima kizima kikawa cheupe kama theluji. Mawe yakilala barabarani, tairi haikanyagi tena lami, inakanyaga gololi.

Sasa baridi yenyewe inatoka wapi, maana ukijua hilo saa za kupita utazipanga mwenyewe. Miezi hii mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, hupata nguvu na kutuletea kusi. Kila mkondo wa hewa baridi unaotoka Afrika Kusini ukipita chini ya Madagaska, nyuma yake kusi husukumwa upya. Siku chache baadaye bahari yetu inachafuka, na unyevu huohuo ukipanda kuelekea Nairobi na Limuru unageuka ukungu na manyunyu. Kwa hiyo Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa zaidi ya nodi 25 (kama kilomita 46 kwa saa) baharini, msidhani ni habari ya wavuvi peke yao. Mwenye lori la kupanda bara naye aisome.

Julai hapa Mombasa mchana ni kama digrii 27 au 28. Nairobi ni 21 au 22, na siku ya mawingu mazito haifiki 18. Lakini shika hili: mashariki ya Bonde na magharibi ya Bonde hazina tabia moja. Kamandura, Limuru na Rironi adui ni asubuhi: mawingu yamelala chini, manyunyu hayana radi, na mara nyingi hufunguka kidogo kuanzia saa nne. Mau Summit, Timboroa na Burnt Forest adui ni alasiri: msimu huu kwao ni wa mvua, mawingu hujengeka jua likipanda, na kuanzia saa nane hivi radi na mawe huanza. Ukungu wa alfajiri Timboroa upo pia, ila hauchukui siku nzima.

Ndiyo maana huwezi kuvuka pande zote mbili siku moja ukapata saa nzuri kote. Pita Rironi saa nne asubuhi, teremka Mai Mahiu, lala Salgaa. Kesho yake ondoka saa moja na nusu, uwe umeipita Timboroa kabla ya saa sita. Anayekimbiza mzigo ili aunganishe siku moja anafika Timboroa saa kumi jioni, yaani saa mbaya kuliko zote.

Fundi wa Miritini:
Mwenzangu hapo juu amemaliza ya angani, mimi naingia chini ya gari.

Anza na tangi za hewa za breki. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, kompresa inaubana, maji yanabaki ndani ya tangi. Kila asubuhi vuta kipete cha chini ya kila tangi, za trela pia, mpaka itoke hewa kavu. Tanboi wengi humwaga za kichwa (gari la mbele linalovuta trela) tu, za trela wakazisahau. Yakitoka maji matupu, sawa. Yakitoka maji meupe kama maziwa yenye mafuta, kompresa inavusha mafuta na kichujio cha kukausha hewa kimekufa. Kibadilishwe hapahapa kabla ya safari. Maji yakifika kwenye vali, breki za trela huchelewa kuachia, zinakaa zimeshika kidogo, na ukifika mteremkoni ngoma za breki zimeshachemka.

Kipimo cha kuvuja: weka kabari kwenye tairi, jaza hewa mpaka mwisho, zima injini, achia breki ya kuegesha, kisha kanyaga breki uishikilie dakika moja kamili. Hewa ikishuka zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha mgandamizo) kwa kichwa na trela pamoja, usiondoke. Tafuta uvujaji kwa maji ya sabuni, kwanza kwenye viungo vya mipira kati ya kichwa na trela.

Maji ya rejeta: madereva wa pwani hujaza maji ya bomba wakidhani kipoozaji (kulanti) ni cha nchi za theluji. Mwinuko wa Timboroa, karibu mita 2,750, maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka kama digrii 91. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimelegea, lori lenye mzigo wa tani 26 litachemka likipanda hata kama nje kuna baridi ya kutetemesha. Changanya kipoozaji na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, na mpira wa kifuniko ukiwa na ufa, nunua kipya. Wala asikubali mtu kuziba rejeta kwa boksi ili injini ipate joto. Kazi hiyo ni ya themostati, kifaa kinachosimamia joto la injini.

Tairi: mifereji mikuu isipungue milimita 3. Wipa mpya, na kitambaa kikavu kwa kioo cha ndani.

Usukani Imara:
Kwenye ukungu mwendo unapimwa kwa macho. Lori lenye mzigo kwenye lami iliyolowa, kwa kilomita 60 kwa saa, linahitaji kama mita 65 kusimama, ukihesabu na muda wa dereva kushtuka. Kwa kilomita 40 ni kama mita 35. Akiona mita 35 tu mbele, 40 ndiyo mwisho wake. Awashe taa za chini, kwa sababu taa kubwa hurudi machoni kama ukuta mweupe. Asitembee na taa za hatari zikimemeta, maana wa nyuma hatajua kama amesimama au anakunja.

Mteremko wa Mai Mahiu ashike gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Achague mwendo, tuseme 30. Ukifika 30 akanyage breki kwa nguvu ya kutosha ushuke hadi 20, kisha aachie kabisa. Kuegemea breki kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakozichoma.

Nisisitize la kurudi, maana hapo ndipo wageni wa njia wanapoteleza. Kutoka Sachangwan kuja Salgaa ni mteremko, na mara nyingi kontena ni tupu. Trela tupu haina uzito wa kushika lami. Lami ikiwa imelowa, zima breki ya egzosi (inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo): inashika tairi za nyuma za kichwa peke yake, zikiteleza trela inakusukuma na gari linajikunja katikati. Kufuli nne za kontena zikaguliwe kwa mkono, si kwa macho.

Mpakizi wa Changamwe:
Shukran sana, nimechapisha yote niwape madereva. Moja limebaki: tairi tunajaza psi 120 hapa kwenye digrii 28. Kule kwenye digrii 8 asubuhi zitapungua sana? Waongeze Salgaa?

Fundi wa Miritini:
Wasiongeze. Tofauti ya digrii 20 peke yake ingeshusha kama psi 9, ila hewa ya nje huko juu ni nyepesi, na geji hupima tofauti ya ndani na nje, hivyo inarudisha kama 4. Watasoma 115 hivi tairi zikiwa baridi, na zikitembea zitapanda tena. Ukijaza 120 Timboroa, ukirudi kwenye joto la Mtito Andei adhuhuri utakuwa umezidisha. Kinachotafutwa asubuhi ni tairi moja iliyotofautiana na wenzake: zote zikisoma 115 na moja 100, hiyo ina msumari au vali inavuja. Kwa tairi pacha, ya ndani ndiyo isiyopimwa na wengi, basi ipimwe ya kwanza.