Dawa ya bakteria kwa kabeji: viwavi bado wanatembea, ama nimeuziwa unga wa ngano?

Mkulima_Ruai

Niaje wadau. Niko na kashamba huku Ruai, kabeji na sukuma, na kuna kale kakiwavi ka kijani kamenimaliza kabisa, kale kanatoboa jani mpaka linabaki vidirisha na ukikagusa kanajirusha kinyumenyume halafu kananing'inia kwa uzi. Dawa za kemikali nimechoka nazo, kwanza wateja wangu ni majirani na watoto wao ndio wanakula hizi sukuma, pili hao wadudu siku hizi ni kama wanaogea hizo dawa tu. Sasa nikaenda agroveti ya hapa mtaani nikauziwa pakiti ya unga, jamaa akasema ni ya bakteria, inaitwa Bacillus thuringiensis, haina sumu kwa watu. Nimepuliza jana saa sita mchana, leo asubuhi naenda kuangalia, viwavi bado wanatembea kama kawaida!

Naomba kujua: hii kitu inafanya kazi kweli ama nimepigwa? Halafu kuna video inazunguka, jamaa anachukua mchanga wa shamba, anaweka kwa mtungi na molasi na maziwa, anafunika wiki moja, anasema ameshajitengenezea dawa hiyohiyo ya bakteria, hakuna haja ya kununua. Inawezekana? Na binamu yangu naye anasema ati bakteria za familia hiyo ndizo zinatengeneza enzaimu (zile protini za kuvunjavunja vitu) za sabuni ya kufulia na hapo ndipo pesa iko, niachane na kabeji. Mwenye kujua anisaidie.

MamaKabeji

Pole ndugu yangu. Usiangalie kama wanatembea, angalia kama wanakula. Hiyo dawa haiui kama zile za kuangusha mdudu hapohapo. Kiwavi akishakula jani lililopulizwa, ndani ya masaa machache anaacha kula, anabaki tu hapo amezubaa, anaanza kuwa na rangi mbaya, halafu anakufa baada ya siku mbili tatu hivi. Geuza jani uangalie kinyesi chake, zile punje ndogo za kijani kibichi. Kama punje mpya hazionekani, dawa imeingia, wewe tulia.

Lakini saa sita mchana baba, hapana. Jua linaiua hiyo dawa. Sisi huku Limuru tunapuliza jioni jua likishuka, na tunapuliza chini ya jani kwa sababu hapo ndipo viwavi wanakaa, si kumwagia juu juu ukienda. Na usingoje wawe wakubwa, yule mdogo ambaye hata humuoni vizuri ndiye anakufa haraka.

Kevo254

Hizi mambo za asili ni ukora tu wa watu wa NGO. Nunua dawa kali ya kemikali, changanya mbili, puliza, kwisha. Nani ako na muda wa kuchungulia kinyesi cha kiwavi 😂

Dudu_wa_Labu

@Kevo254 cheka tu lakini huyo kiwavi ndiye mdudu mbaya kabisa wa kumchezea na dawa kali. Ni nondo anaitwa Plutella, na huyo ndiye mdudu wa mazao wa kwanza kuripotiwa kuizoea dawa ya DDT, huko Java mwaka wa 1953. Ukichanganya mbili leo, mwaka ujao utachanganya tatu, na bado atakuwa anakula.

@Mkulima_Ruai mimi nafanya kazi kwa labu ya mambo haya kwa hivyo wacha niandike kidogo, samahani itakuwa ndefu.

Kwanza hujapigwa, angalau si kwa sababu viwavi wanatembea. Hiyo bakteria inakaa mchangani, na ikikosa chakula inatengeneza spora, kama mbegu ngumu ya kujihifadhi, na kando ya spora inatengeneza kafuwele ka protini, yaani kachembe kagumu. Hako kafuwele ndiko dawa yenyewe. Tumbo la kiwavi si asidi kama letu, ni alkali kali, kwa hivyo fuwele inayeyuka mle ndani, enzaimu za kiwavi mwenyewe zinaikata vipande, na kile kipande kinashika ukuta wa utumbo na kuutoboa. Utumbo unapooza, ndiyo maana anaacha kula, halafu bakteria zinaingia mwilini zinammaliza. Sisi tumbo letu ni asidi na ule ukuta wetu hauna mahali pa hiyo protini kushika, ndiyo maana mtoto wa jirani anaweza kula sukuma yako. Osha tu kama kawaida.

Sio kitu kipya vilevile. Mjapani Shigetane Ishiwata aliiona 1901 ikiua viwavi wa hariri, halafu Mjerumani Ernst Berliner akaielezea 1911 kutoka kwa nondo wa unga huko Thuringia, ndipo jina likatoka. Wafaransa walikuwa wanaiuza kama dawa tangu 1938.

Sasa kitu ambacho wengi huku kwetu hawakiangalii: maji. Wewe uko Ruai, nadhani unatumia maji ya kisima kirefu? Maji ya visima vingi vya Nairobi yana alkali. Nimesema fuwele inayeyuka kwa alkali, si ndiyo? Sasa ukichanganya dawa asubuhi kwa maji ya alkali halafu uiache kwa pampu mpaka jioni, inaanza kuharibika mlemle kabla hata haijafika kwa jani. Tumia maji ya mvua kama unayo, ama changanya kidogo, puliza papohapo, maliza. Na rudia baada ya siku kadhaa, hii si dawa ya kukaa kwa jani wiki tatu.

Kuhusu video ya molasi, tafadhali usifanye. Najua ni rahisi na najua pakiti ni bei, lakini hiyo bakteria iko na ndugu yake anaitwa Bacillus cereus, wanafanana kiasi kwamba hata kwa labu ukiwaweka kwa sahani huwezi kuwatofautisha kwa macho. Cereus ndiye anayetapisha watu wakila wali uliolala nje ya friji. Unajua tofauti yao kubwa ni nini? Zile fuwele. Jeni za fuwele ziko kwa vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria inaweza kuvipoteza, na ikivipoteza inabaki tu kama cereus. Kwa hivyo huyo jamaa wa video anakuza mchanga na molasi na maziwa, anapata supu inayonuka, na ndani hajui kuna nini, halafu anamwagia mboga ambayo mtu ataikatakata jioni.

Sisi tukitafuta hiyo bakteria kwa mchanga, tunakoroga mchanga kwa maji, tunachemsha nyuzi 80 kama dakika kumi ili vyote visivyo na spora vife, tunaotesha kwa sahani, halafu kila doa tunapaka rangi na kuangalia kwa hadubini kama fuwele ziko. Unaweza kukaa siku nzima na usipate hata moja. Ukipata, bado unaijaribu kwa viwavi uone inaua nani, juu aina ni nyingi: kurstaki na aizawai za viwavi wa nondo, israelensis ya viluwiluwi vya mbu, hiyo ilipatikana jangwa la Negev 1976. Ile ya mbu haitafanya chochote kwa kabeji yako. Kiwandani wanakuza kwa matangi ya chuma yaliyopikwa kwa mvuke, hewa inapigwa ndani, wanavuna wakati seli zimepasuka na fuwele zimetoka.

Angalia pakiti yako kama ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu. Kama haina, hapo sasa ndipo uanze kuuliza kama ni unga wa ngano.

Kevo254

Sawa daktari. Lakini si hata hao viwavi watazoea hiyo bakteria?

Dudu_wa_Labu

Ndiyo, na ni kiwavi huyohuyo aliyeizoea. Huko Hawaii, kwa mashamba yaliyokuwa yanapulizwa hii tu kila mara, iliripotiwa 1990. Ndiyo maana unabadilisha, leo hii kesho kitu kingine, na unaacha wadudu wengine wakusaidie. Watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Duduville Kasarani, walileta kanyigu kutoka Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakaachilia Taita na sehemu za Limuru. Kanataga yai ndani ya kiwavi. Hii dawa ya bakteria haikaui kale kanyigu, ile mchanganyiko wako wa mbili kali unakaua siku ya kwanza.

Na usifikirie mimi ni mtu wa "asili ni salama". Dawa ya spinosadi inatoka kwa bakteria, iliyopatikana 1982 kwa mchanga wa kiwanda cha zamani cha ramu huko Karibi, inafanya kazi vizuri sana kwa huyu kiwavi lakini ukiipuliza maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini umewaua. Abamekitini pia ni ya bakteria ya mchanga, kutoka Japani, na ni sumu kali kwa nyuki na samaki. Soma lebo, hata kama picha ni ya jani la kijani.

MamaKabeji

Huyo nyigu namjua, mweusi mwembamba. Tangu jirani yangu aache kupuliza kila wiki tunamuona kwa wingi.

Fundi_Kariokor

Nijibu ya enzaimu kidogo juu mimi niko kwa ngozi. Binamu yako hajadanganya, amerahisisha tu. Enzaimu ya sabuni inayokula doa la damu na maziwa ni ya kukata protini, na nyingi zinatoka kwa ndugu wengine wa Bacillus kama licheniformis. Wanazipenda hizi bakteria kwa sababu zinamwaga enzaimu nje ya seli, huhitaji kuzipasua, unachuja tu maji. Kwetu kwa ngozi zinatumika kutoa manyoya. Ukiwahi kupita karibu na kiwanda cha ngozi unajua ile harufu ya mayai viza, hiyo ni sulfidi. Enzaimu inapunguza sulfidi sana, lakini ukiiacha muda mrefu inaanza kula ngozi yenyewe na unabaki na kitu laini kisichouzika, kwa hivyo lazima mtu asimame hapo na saa. Bei nayo, karibu zote tunanunua kutoka nje.

Jeans_za_Gikomba

Na hapo ndipo inauma, juu bakteria zenyewe ziko hapa kwetu! Si mnajua ile hadithi ya Ziwa Bogoria, kule Baringo? Maji ni alkali kama sabuni, chemchemi zinachemka, na kuna bakteria zinaishi humo raha mustarehe. Watafiti wa Uingereza walichukua sampuli 1992, baadaye ikatokea enzaimu kwa mkono wa kampuni ya Genencor ya Marekani, ya kufifisha jeans. Inakula nyuzi ndogo za juu za pamba, rangi ya bluu inatoka, badala ya kuzungusha suruali na mawe. Mwaka wa 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakaanza kudai haki yao. Ukivaa jeans iliyochakaa vizuri kutoka kwa mtumba, kuna uwezekano kitu kutoka Baringo kiliigusa.

Mkulima_Ruai

Wueh, nimejifunza. Nimegeuza majani, kinyesi kipya hakuna kwa mengi, na wengine wamekuwa weusi. Jioni narudia na maji ya tangi la mvua. @Jeans_za_Gikomba sasa mimi nikienda Bogoria na chupa?

Dudu_wa_Labu

Na chupa tu watakushika, na ni haki. Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kuchukua rasilimali za kijenetiki, ruhusa ya wenye hifadhi, na makubaliano na jamii kuhusu faida. Kupata bakteria ndiyo sehemu rahisi. Tangi la kuikuza kwa kiasi cha kuuza, umeme usiokatika na mtu wa kuangalia usiku, hapo ndipo wengi wetu tunakwama na karatasi zetu nzuri za utafiti kabatini.

Mkulima_Ruai

Basi kabeji kwanza. Swali la mwisho, na vidukari? Wale weusi wa kwa sukuma.

MamaKabeji

Hiyo bakteria haiwagusi, wao hawatafuni jani wananyonya tu. Maji ya sabuni, yapigie chini ya jani, na yale majani yaliyojikunja na kujaa kabisa toa ulishe kuku.