Laptopu imegoma kuwaka baada ya apdeti, fundi anataka apige Windows upya, hakuna njia nyingine?

Mwl_Rukwa:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu, hapa nilipo hata chakula hakipiti. Laptopu yangu ni Windows 11, betri ilishakufa zamani naitumia na chaja muda wote, sasa jana usiku ilikuwa inafanya apdeti imefika asilimia sitini na kitu umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha, inaleta nembo, vidoti vinazunguka, inaandika Preparing Automatic Repair, inajizima, inawaka tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Nimepeleka kwa fundi hakuigusa hata, kasema tu lete elfu thelathini nipige Windows upya ila vitu vyote vinafutika. Humo kuna alama za wanafunzi 214 wa kidato cha pili na ripoti zinatakiwa Ijumaa, na picha za marehemu mama ambazo sina pengine popote. Kweli hakuna namna?

kipanya_kikuukuu:
Pole sana mwalimu, usikubali mtu apige Windows kwanza. Apdeti ikikatika njiani kinachoharibika mara nyingi ni mafaili ya Windows yenyewe, alama zako na picha za mama kuna uwezekano mkubwa zipo palepale ulipoziacha. Na Windows ina sehemu yake ya matengenezo imekaa pembeni kwenye diski, yenyewe inawaka hata Windows ikigoma. Fanya hivi, washa, ukiona nembo shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka izime, rudia tena, ukiwasha mara ya tatu itakuletea skrini ya bluu Choose an option. Ingia Troubleshoot halafu Advanced options. Humo kuna Startup Repair, System Restore, Uninstall Updates na Command Prompt. Kwa tatizo lako ningeanza na Uninstall Updates, chagua ile ya latest quality update. Reset this PC usiiguse kabisa kwa sasa hivi.

binti_chake:
Naongezea hapo, mwalimu kabla hujajaribu chochote toa vitu vyako kwanza. Chomeka flashi, ingia hiyo Command Prompt, andika notepad piga enter. Notepad ikifunguka nenda File, Open, pale chini palipoandikwa Text Documents badilisha weka All Files, hapo utaona diski zako zote na mafoda yako, foda unalolitaka unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Copy, unaenda kwenye flashi una-paste. Haikuonyeshi imefika wapi, dirisha linaweza likaganda ukadhani imekufa, usizime, subiri taa ya flashi iache kuwaka waka. Kingine, ukiwa humo herufi za diski huwa zinabadilika, C yako unaweza ukaikuta inaitwa D, usishtuke, angalia tu ipi ina foda la Users lenye jina lako.

Mwl_Rukwa:
Nimefika kwenye bluu, asanteni! Ila nikigusa Command Prompt inaniomba BitLocker recovery key, namba 48, mimi sijawahi kuweka kitu kama hicho jamani.

kipanya_kikuukuu:
Hukuweka wewe, laptopu nyingi za Windows 11 ukiingia na akaunti ya Microsoft diski inajifunga yenyewe na ufunguo unatunzwa kwenye akaunti. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa imeili ile ile ya kwenye laptopu. Ukikuta funguo zaidi ya moja linganisha herufi 8 za mwanzo za Key ID na zile zinazoonekana kwenye skrini. Halafu uzinakili kwenye daftari kabisa, na huo ufunguo usimpe mtu wala usiuweke humu.

Mwl_Rukwa:
Upo!! Mke wangu kashika simu ananisomea namba sita sita mimi naandika, tumekosea mara moja, ya pili ikafunguka. Diski kweli inaitwa D. Nimekopi foda la alama kwanza, halafu picha, zimechukua karibu saa nzima na nimefungua flashi kwenye kompyuta ya ofisini zipo zote, picha ya mama ya kipaimara ndio niliyofungua ya kwanza. Sasa Uninstall Updates imekataa, inasema imepata tatizo haiwezi kuondoa.

kipanya_kikuukuu:
Alhamdulillah, ya muhimu yametoka. Hiyo inakataa kwa sababu apdeti haijamalizika, kuna kazi zinaning'inia. Rudi Command Prompt andika hivi, nafasi ziwe kama zilivyo:
dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions
Hiyo inarudisha nyuma kila kilichoanzwa kikakatishwa. Ikimaliza funga, chagua Continue, halafu uwe mvumilivu na HAKIKISHA umeme ni wa uhakika.

jirani_wa_saiba:
Na hiyo ikigoma mwalimu ndio uende Reset this PC, chagua Keep my files, programu kama Ofisi zitaondoka ila mafaili yako yanabaki. Ikikuuliza Cloud download au Local reinstall chukua Local kama unatumia bando, ile ya cloud inaweza kula zaidi ya GB 4.

Mwl_Rukwa:
IMEWAKA wakuu. Nimeazima jenereta ya shule, ikaandika operation completed successfully, nikawasha ikazunguka kama dakika ishirini, nikaona ile picha yangu ya Ziwa Rukwa kwenye skrini. Ofisi ipo, kila kitu kipo. Mungu awabariki sana. Kuna cha kufanya tena?

binti_chake:
Hongera mwalimu! Ndio, fungua Command Prompt kama admin, piga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hiyo inataka intaneti, ikiisha piga sfc /scannow. Halafu tafuta Create a restore point uangalie kama ulinzi wa C umewashwa, nyingi huwa umezimwa ndio maana watu wanaingia System Restore hawakuti kitu. Na apdeti simamisha kwa muda mpaka upate betri mpya.

Mwl_Rukwa:
sfc imemaliza sasa hivi, imesema imekuta mafaili mabovu na imeyatengeneza. Betri nimeagiza Mbeya, inakuja na basi la kesho. Naingia kwenye ripoti.