Wiki mbili na kempa: Normandia, Italia au kusini mwa Ufaransa?

Binti_Pangani
Wakuu, habari za humu. Mwezi wa tisa tunakodi kempa (gari lenye vitanda na jiko ndani) hapa Köln, Ujerumani, kwa wiki mbili: mimi, mume, watoto wawili (miaka 8 na 11) na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama kafundisha historia miaka yote, habari za maduka hataki kuzisikia. Ila magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Mume anataka fukwe za vita za Normandia. Watoto wanataka Pompeii, kisa volkano. Mimi nimesikia magofu ya Kirumi ya kusini mwa Ufaransa yanasifiwa. Nyie mliokwisha zunguka, mngeshika njia gani?

Dereva_wa_Ruhr
Dada, Italia tulienda na nilijuta nusu. Köln mpaka Roma ni kama kilomita 1,400, na kempa haikimbii. Siku tatu za kwenda, tatu za kurudi, hapo wiki yako moja imeliwa na barabara. Ukifika Roma gari huingii nalo katikati ya mji. Unaliacha kambini na kupanda treni kama mtu aliyekuja kwa ndege. Na angalia sana alama za ZTL, yaani mitaa iliyofungiwa magari ya wageni. Kuna mji mmoja nilikata kona nikitafuta mkate tu, kamera ikanipiga picha, faini ikanifuata nyumbani miezi kadhaa baadaye. Ule mkate sijawahi kula wa bei ile.

Pompeii yenyewe lakini nisiionee. Kambi ziko jirani kabisa na lango la Porta Marina, mnaamka, mnakunywa chai, mnaingia mwaka 79, volkano ilipoufunika mji. Tiketi ni za majina, na tangu Novemba 2024 hawaruhusu zaidi ya watu 20,000 kwa siku, hivyo nunueni mapema. Kwa bibi kuna njia iliyosawazishwa, ila ni ndefu, na nje ya hiyo ni mawe matupu.

MamaMapacha
Normandia ni rahisi kuliko zote kwa mwenye kempa. Vijiji vimezoea haya magari na pa kulala hapakosekani. Arromanches bado utaona masanduku ya zege ya ile bandari ya muda ya wanajeshi ya 1944 yamekaa majini, na maji yakitoka watoto wanatembea mchangani kuyaendea. Makaburi ya Wamarekani pale Colleville yana misalaba zaidi ya 9,000, na njia zake ni tambarare. Mont-Saint-Michel ndiyo mumwonye mama: gari linaachwa bara, basi la bure linawafikisha, lakini abasia, yaani monasteri ya kale, iko juu ya ngazi kama 350. Na kama mlitaka kitambaa cha Bayeux, kile cha kale kilichotariziwa picha za vita, jumba lake limefungwa tangu Septemba 2025 kwa ukarabati.

Mngazija_wa_Marseille
Mie nitavutia kwangu, msinilaumu. Kwa kempa, nenda palipo na historia nje ya miji mikubwa. Bonde la mto Rhône limejaa hiyo, na vituo vimepangana kama vya daladala.

Anzeni Trier, hapo hapo Ujerumani. Porta Nigra ni lango la Kirumi la karne ya 2, mnapita chini yake kwa miguu bila kupanda chochote. Shukeni Lyon, halafu Orange: ukuta wa jukwaa la ukumbi wao wa maigizo una urefu wa mita 103 na kimo cha mita 37, umesimama mpaka leo. Kisha Pont du Gard. Hapo mpeni mama muda wake. Matao ya safu tatu zilizopandana, karibu mita 49 kwenda juu, yote ili maji yavuke mto yaende Nîmes. Mfereji mzima ulikuwa na kilomita 50, na tangu chemchemi hadi mjini haushuki hata mita 20! Waliopima vile hawakuwa na kifaa cha umeme hata kimoja. Watoto wataogelea mtoni chini ya matao, bibi atakaa kivulini akiwasomesha. Njia ya kufika ni tambarare.

Arles mwambieni kuwa baada ya Warumi watu walijenga nyumba ndani ya uwanja wa mapigano wakauishi kama mji mdogo. Minara yao mingine bado ipo juu ya matao. Kupanda si lazima, asome nje.

Mkirudi kwa upande wa mashariki piteni Verdun, palipopiganwa Vita Kuu ya Kwanza. Ngome ya Douaumont ilikombolewa tarehe 24 Oktoba 1916, na miongoni mwa waliopigana siku hiyo walikuwemo askari wa batalioni ya Wasomali. Hilo vitabu vya shule vya kwetu havikunifundisha.

Binti_Pangani
Nimemsomea mama. Kwenye maji kushuka mita 20 kanikatiza, kaomba kalamu. Nadhani mume kashindwa kesi, ila Verdun imempoza. Viza yake ya Schengen ni ya kuingia mara moja, kuvuka Ufaransa si tatizo?

Dereva_wa_Ruhr
Si tatizo, hatoki Schengen. Tatizo ni uzito. Kwa leseni ya B gari lisizidi kilo 3,500 pamoja na nyie watano, mizigo na maji. Tangi la lita 100 ni kilo 100, jazeni mkikaribia pa kulala. Na msichukue yenye kitanda juu ya dereva: ikifika mita 3 kwenda juu, barabara za kulipia za Ufaransa zinawahesabu daraja la 3 badala ya la 2.

Mngazija_wa_Marseille
Na upepo wa mistral ukivuma bondeni, gari refu hilo linayumba kama jahazi. Siku hiyo pumzikeni. Mkifika Arles nitumieni ujumbe, Marseille ni saa moja tu, mama asile mkate wa kambini wiki mbili nzima.

Binti_Pangani
Anauliza kama kwako kuna nazi.