Naomba ushauri: niandike "talented", "skilled" au "capable"?

Wakuu, habari zenu. Naandika barua ya kumpendekeza kijana niliyemfundisha kazi, na Kiingereza kimenikwamisha kwenye sentensi moja tu. Nilianza na "talented", nikafuta. Asili yake ni talanta, kipimo cha uzito na fedha cha Wagiriki wa kale. Maana ya kipaji ilikuja baadaye kutokana na ule mfano wa talanta katika Mathayo 25. Sasa huyu kijana hakuzaliwa nacho. Alirudia kazi ileile mpaka mkono ukazoea. Basi "skilled", yaani mwenye ujuzi? Hapo bidii inaonekana, ila utu wake haumo. "Competent" (anayeimudu kazi) naliogopa, masikioni mwangu ni kama kusema "anajitahidi".

Kilichonishtua zaidi ni "invaluable". Nilidhani ni mtu asiye na thamani, kumbe ni mwenye thamani isiyokadirika! Asiye na thamani ni "worthless". Nusura nilitupe neno zuri kuliko yote.

Mnaoandika Kiingereza kila siku, nikiweka "skilled" na "invaluable" pamoja nitaonekana natia chumvi? Au "capable" (mwenye uwezo) linatosha? Barua inatakiwa kesho asubuhi.