Mnajuaje muda wa kuuza hisa? Mudi ya soko inanichanganya

mshika_hisa
Wakuu habari zenu. Nina hisa za kampuni moja ya teknolojia, nilinunua kitambo, zimepanda mpaka sasa hivi hizo peke yake ni karibu nusu ya potfolio yangu yote, yaani uwekezaji wangu wote. Sasa soko lina shangwe, nikifungua simu ni watu wanaposti faida tu, hata wale waliokuwa hawataki kusikia habari za hisa wananiuliza wanunueje. Nimeshasikia sana kwamba wengi wakishangilia ndo muda wa kutoka, wengi wakilia ndo muda wa kuingia. Kwenye maneno inaeleweka vizuri, kazi iko kwenye kubonyeza "uza". Nikiuza ikaendelea kupanda nitaumia, nisipouza ikaporomoka nitaumia zaidi. Kuna mtu hapa anaangalia mudi ya soko ndo anaamua kuuza na inamlipa? Au ni stori tu?

kichwa_chati
Ni nusu stori mkuu. Upande wa hofu inasaidia kiasi, upande wa furaha ndo inakuangusha. Kule Marekani kuna chama cha wawekezaji wadogo, AAII, tangu 1987 wanawauliza wanachama wao kila wiki kama wanaona soko litapanda au litashuka miezi sita ijayo. Mwanzoni mwa Machi 2009 waliosema litashuka walipita 70%, na tarehe 9 mwezi huohuo S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ikafunga 676, hapo ndo ilikuwa chini kabisa, ikaanza kupanda. Yaani karibu siku yenyewe.

Sasa geukia shangwe. Desemba 1996 Alan Greenspan, mwenyekiti wa benki kuu yao, alishauliza hadharani kama bei zimepandishwa na msisimko usio na mantiki. Nasdaq, kipimo cha bei za soko lililojaa kampuni za teknolojia, ilikuwa kwenye 1,300 hivi. Ikaja kufika kileleni Machi 2000 ikiwa juu ya 5,000! Aliyeuza siku ya hotuba alikaa miaka mitatu na ushee anawatazama wenzake wanatajirika.

Nadhani sababu ni kwamba hofu inalazimisha watu kuuza, walionunua hisa kwa mkopo wanadaiwa na broka wao (wakala wa hisa), wanauza wapende wasipende, baada ya muda watu wa kuuza wanaisha. Shangwe haina wa kuilazimisha iishe, hela mpya ikiendelea kuingia na yenyewe inaendelea.

dada_gawio
Ila kichwa_chati malizia hiyo stori basi 😄 Oktoba 2002 Nasdaq ilishuka mpaka 1,114, chini ya pale pale alipouza huyo jamaa wa 1996. Kwa hiyo mwisho wa siku hakukosea, ila ni nani angevumilia kuchekwa muda wote huo? Mimi nisingeweza, wengi wao nahisi walirudi kununua 1999 kwa hasira.

mshika_hisa, mi naona shida yako wala siyo mudi, ni hiyo nusu. Hata soko likiwa limenuna, nusu ya mali kwenye kampuni moja ni nyingi. Jiulize, kama yote ingekuwa hela taslimu leo, ungechukua nusu yake ukaiweka kwenye kampuni hiyo kwa bei ya leo? Kama jibu ni hapana anza kupunguza, kidogo kidogo, uweke kiwango chako mwenyewe kwamba ikizidi hapa nauza kilichozidi. Kiandike kabla. Ukipunguza hivyo ikipanda bado umo, ikishuka kuna ulichotoa, na huhitaji kubahatisha kilele kiko wapi. Angalia tu gharama za broka na kodi zisije zikala kila kitu.

mbishi_wa_soko
Napinga kidogo. Hofu nayo inadanganya. Tarehe 20 Novemba 2008 VIX, ile fahirisi inayopima wasiwasi wa soko, ilifunga 80.86, rekodi kwa wakati ule. Kuna watu waliona ndo mwisho wa kushuka wakaingia. S&P 500 ikapanda kidogo ikawavutia, halafu ikashuka tena karibu 10% chini ya hapo kabla ya hiyo Machi, na siku yenyewe ya chini VIX ilikuwa kwenye 50 tu. Kwa hiyo hata huko hakuna kengele.

Halafu mbona wote tunajadili hisa iliyopanda? 1998 mtafiti anaitwa Terrance Odean alichambua akaunti 10,000 za broka mmoja Marekani akakuta watu wanaharakisha kuuza zilizopanda na wanang'ang'ania zilizoshuka. Na zile walizouza zikafanya vizuri kuliko walizobaki nazo, tofauti ya asilimia 3.4 hivi kwa mwaka uliofuata. mshika_hisa, hiyo nusu nyingine ina nini?

mshika_hisa
Hahaha umenishika pabaya. Kuna mbili ziko chini sana. Nasubiri zirudi bei niliyonunulia nitoke.

dada_gawio
Soko halijui ulinunua bei gani. Nikkei, fahirisi ya bei za kampuni kubwa nyingi za Japani, ilifika kileleni mwisho wa 1989 ikaja kuivuka hiyo bei Februari 2024, na hiyo ni fahirisi nzima, kampuni moja inaweza isirudi milele. Kama sababu iliyokufanya ununue bado ipo, kaa nazo. Kama haipo, unasubiri nini?

mshika_hisa
Sawa nimeelewa. Sasa nianze na ipi, nipunguze iliyopanda au niondoe hizo mbili?

mbishi_wa_soko
Cheki kwanza sheria ya kodi ya kwenu. Kuna nchi zinaruhusu hasara ikatwe kwenye faida, kama ndo hivyo fanya yote mawili ndani ya mwaka mmoja wa kodi, hizo mbili zipunguze kodi ya ile kubwa. Kama hairuhusiwi anza na ile kubwa, hatari yako iko huko.