Je, basari ya kaunti ilipie mtoto aliye shule ya kibinafsi?

Mleta mada, Kwale

Naweka msimamo wangu mapema ili tusizungushane: pesa ya basari ya kaunti, yaani msaada wa karo, isivuke lango la shule ya kibinafsi. Fomu za wadi zikitoka, ugomvi ni uleule. Mmoja analalamika jina la mwanawe limekatwa eti kwa kuwa hasomi shule ya umma, na yeye ni mlipa ushuru kama wengine. Mwengine anamjibu kwamba mwenye uwezo wa shule ya kibinafsi hana haja ya basari. Mwakilishi wadi anaahidi "kuliangalia", na mwaka ukigeuka tuko palepale.

Sababu yangu si wivu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limezipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Kwa hiyo hata mtoto wa sekondari ya umma, kaunti inamlipia kwa kuingia shamba la mwenziwe. Ndiyo maana Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti waraka kwamba pesa za basari hazitatoka mpaka kuwe na makubaliano ya maandishi na serikali kuu, yale ya Kifungu cha 187 cha Katiba. Magavana walipiga kelele, kesi ikafika Mahakama Kuu, na waraka ukasimamishwa kwa muda. Sasa kama pesa yenyewe haijatulia kisheria, tunapata wapi ujasiri wa kuipeleka kwenye biashara ya mtu?

Na chekechea, ambayo hakuna anayebisha kuwa ni ya kaunti, bado ina vijiji ambako watoto wanasomea chini ya mwembe na mwalimu wao yuko kwenye mkataba usiojulikana utaisha lini. Tumalize hiyo kwanza.

Haya, nijibuni. Matusi wekeni pembeni.

Mzazi, Mombasa

Kaka, unasema "biashara ya mtu" kama kwamba kila shule ya kibinafsi ina basi la manjano na bwawa la kuogelea. Mwanangu anasoma shule ya mtaani, mabati juu mabati ubavuni, na karo nailipa kwa wiki ninapopata. Sikumpeleka kwa fahari. Shule ya umma iliyo karibu nasi iko ng'ambo ya barabara kuu ya malori, na alipofikisha miaka sita darasa lilikuwa limejaa mpaka watoto wanakaa sakafuni. Ningefanyaje? Ningoje serikali ijenge?

Mnakumbuka Septemba 2019, shule ya Precious Talent kule Ng'ando, Nairobi, ilipoporomoka ikaua watoto? Ile ilikuwa shule ya kibinafsi. Waliokufa mle hawakuwa watoto wa matajiri. Baada ya msiba ndipo watu wakaanza kuuliza mbona wazazi wanapeleka watoto mahali kama pale. Wanapeleka kwa sababu ndiko kuliko na nafasi.

Kwa hiyo unaposema isivuke lango la kibinafsi, mimi na anayesomesha mwanawe kwa malaki ya shilingi kule Nyali kwa matajiri umetutia kapu moja.

Mwalimu wa sekondari, Kilifi

Dada wa Mombasa ana hoja, ila naomba tufanye hesabu kabla ya kulumbana juu ya nani anastahili. Huku shuleni tunaona hundi zikifika. Karo ya bweni ya shule za kitaifa kwa mwongozo wa wizara ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na daraja inayofuata ni 40,535. Hizo ni juu ya kile serikali kuu inachotoa kwa kila mwanafunzi, kilichokuwa 22,244 kwa miaka mingi na ambacho Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge mwaka 2025 hakimudiki chote. Mwanafunzi wa shule ya kibinafsi hapati hata ndururu ya hiyo 22,244.

Tuchukue wadi yenye milioni 10 za basari, kwa mfano tu. Ukiwalipia watoto karo kamili ya shule ya kitaifa, wanatosha 186. Na ukiahidi kumshika mtoto miaka yote mitatu ya sekondari ya juu, Gredi ya 10 hadi ya 12, basi kila mwaka unaweza kuingiza wapya 62 tu. Wadi nzima, 62! Hakuna mwanasiasa atakayesimama barazani kutaja majina 62 huku wazazi elfu mbili wamekaa chini wanamtazama. Anachofanya ni kugawa 5,000 kwa kila mmoja wa hao elfu mbili. Wazazi wanapiga makofi, wanapiga picha na hundi ya kadibodi. Muhula wa pili naitwa ofisini kuandika orodha ya wanaorudishwa nyumbani kwa karo, na wengi ni haohao waliopata 5,000.

Huo ndio ubishi mimi ningependa tuwe nao. Umma na kibinafsi ni cha pili.

Halafu kuna kundi mnalolisahau: mtoto aliyesoma msingi kibinafsi kisha akapata sekondari ya umma. Kamati nyingine zinamkata kwa historia yake. Januari 2011 wizara ilipopunguza nafasi za watahiniwa wa shule za kibinafsi katika shule za kitaifa, tulijadili jambo hilihili: mtoto abebeshwe uamuzi wa mzazi mpaka lini? Baba anaweza kuwa na kazi mtoto akiwa darasa la tatu, akaachishwa mtoto akiwa la nane.

Mwenye shule, Malindi

Mimi ndiye huyo "biashara". Shule yangu ndogo ina watoto yatima ninaowasamehe nusu ya karo. Nusu iliyobaki naitafuta kwa wafadhili, na wakichelewa walimu wangu wanachelewa kulipwa. Kaunti ikilipa hiyo nusu imepata mtoto wa kusomeshwa kwa bei nafuu kuliko kumpeleka bweni. Kosa liko wapi?

Mleta mada

Kosa, bwana mwenye shule, ni kwamba nusu unayosamehe wewe ni ya bei uliyoipanga mwenyewe. Leo karo ni 30,000, unasamehe 15,000 na kaunti inatoa 15,000. Ukijua kaunti inalipa, nani atakuzuia kupandisha mpaka 40,000? Shule ya umma ina mwongozo wa wizara hata kama wakuu wengine wanaupiga chenga. Yako haina. Sisemi utafanya hivyo. Nasema mlango utakuwa wazi, na mwengine ataupita.

Mwalimu, hesabu yako imeniuma kwa sababu Kwale tumeonja pande zote mbili. Wakati wa gavana Salim Mvurya tulikuwa na mpango wa basari ulioitwa Elimu Ni Sasa, na waliofaulu kuingia shule za kitaifa walilipiwa kikamilifu. Wengi walifika vyuo vikuu ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumaliza kidato cha nne. Nung'uniko lilikuwa kwamba inawabeba wenye alama kubwa, na wa shule za kutwa kijijini wanaachiwa vijisenti. Lakini angalau ukiuliza pesa ilifanya nini, unaoneshwa watu.

Mwanafunzi wa sheria, Nairobi

Nichangie mambo mawili bila kuegemea upande.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua shule za umma na za kibinafsi zote mbili. Atakayekwenda mahakamani kwa kuwa mwanawe amekatwa kwa aina ya shule tu atakuwa na la kusema kuhusu ubaguzi. Lakini kaunti nayo itajibu: haki hiyo dola imeitimiza kwa kukuwekea shule ya umma, ukichagua nyingine ni hiari yako. Jibu hilo lina nguvu Nyali. Kwa yule mama ambaye shule ya umma imejaa, halina nguvu kabisa, kwa sababu hakuchagua. Ni hapo tu penye kesi ya kweli.

La pili, serikali kuu yenyewe imeshapita njia hii. Kuanzia 2016 ilipeleka wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Ilionekana busara: nafasi zipo, tuzijaze. Ikaishia kwa madeni ya mabilioni ambayo vyuo vinadai mpaka leo, na mfumo mpya wa 2023 wa kugharamia vyuo vikuu ukaja na sharti kwamba anayeingia chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo lakini si ufadhili. Waliozama ni wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo. Kaunti isiyoweza kuahidi mwaka wa pili isimwanzishe mtoto mwaka wa kwanza, awe shule gani.

Aliyewahi kukaa kamati ya wadi

Mnazungumza kana kwamba kamati inachagua kwa kanuni. Niwaeleze inavyokuwa. Fomu zinaletwa kwenye gunia. Kila fomu ina muhuri wa chifu na sahihi ya imamu au mchungaji, na kila mtoto ni "yatima" au "mzazi hana kazi". Chifu hawezi kukataa kupiga muhuri, anaishi na watu. Mnakaa siku moja kupitia maelfu ya fomu, na saa nane mchana simu zinaanza kulia: mwangalieni huyu, ni wetu. Kufika jioni mtu amechoka na anagawa sawa kwa sawa ili asilaumiwe.

Wa shule za kibinafsi ndio rahisi kukata kwa sababu ni sababu inayoandikika. Huwezi kuandika "baba yake ana matatu mbili za abiria", hata kama wote mezani mnajua. Unaweza kuandika "shule ya kibinafsi". Kwa hiyo sheria hiyo inapendwa kwa kurahisisha kazi. Maskini wa shule ya mtaani anakatwa, na mwenye matatu mbili ambaye mwanawe yuko bweni la serikali anapata.

Linganisheni na Wings to Fly, mpango wa ufadhili wa masomo wa Equity Group Foundation: kamati za jamii zinaketi kuwahoji watoto, na watu wanakwenda mpaka nyumbani kuona paa na jiko. Ni ghali na ni polepole. Lakini ukishafika nyumbani kwa mtu huhitaji kuuliza jina la shule.

Mchangiaji, Lamu

Na CDF je, ile hazina ya maeneo bunge? Mtoto mmoja anachukua kwa mbunge, anachukua kwa mwakilishi wadi, anachukua kwa gavana. Mwengine hajui hata fomu inatolewa wapi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema hazina ya CDF inakiuka Katiba na ikaipa mpaka 30 Juni 2026, wabunge wakakata rufaa. Hata huko hoja ilikuwa hiihii ya nani afanye kazi ya nani. Mimi nasema madirisha yote yafungwe libaki moja.

Mzazi, Mombasa

Dirisha moja likiwa Nairobi, sisi ndiyo basi tena.

Mleta mada

Nimewasoma nyote. Pesa ya kaunti kwa shule ya kibinafsi ya kawaida, bado nakataa, na mfano wa vyuo vikuu umenizidishia sababu. Kwa dada wa Mombasa nakubali mwanya mmoja, na uwe mwembamba: mtoto wa kutwa, shule iliyosajiliwa, na afisa wa elimu wa eneo athibitishe kwa maandishi kwamba shule ya umma ya karibu imejaa au iko mbali kwa mtoto kwenda kwa miguu. Kiwango kisizidi kile ambacho angepewa akiwa shule ya umma, ili mwenye shule asipate sababu ya kupandisha. Na barua hiyo ya afisa inakiliwe kwa wizara, maana kila barua ya namna hiyo ni ushahidi kwamba serikali kuu haijajenga shule pale.

Zaidi ya hapo, orodha ibandikwe kwenye ofisi ya wadi: wadi, shule, kiasi. Majina ya watoto yafichwe, zitumike nambari za fomu.

Aliyewahi kukaa kamati ya wadi

Ibandikwe kabla ya hundi kuandikwa, na ikae wiki mbili. Ikibandikwa baada ya hapo, inasomwa na mbuzi.

Mzazi, Mombasa

Shule "iliyosajiliwa" umenifungia tena, kaka. Nyingi za mtaani zinazungushwa na usajili miaka kwa sababu hazina hati ya kiwanja. Mitaa yetu yenyewe haina hati. Rekebisha hapo, ndipo tuendelee.